Mdogo wangu, haukuwa mchuzi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Kisima kimepata mfuniko mpya, na wale wapangaji wa uani wamehama bila kulipa, kama nilivyosema watahama. Simu zangu hupokei tangu useme mchuzi wangu ndio uliokutia homa, nami najua ilikuwa malaria, kwa hiyo naandika hapa ambapo wifi hupita kusoma. Wifi, ukiiona barua hii, mpe mumeo simu mkononi usimame hapo hapo mpaka amalize.

Ulipokuja msibani nilikutandikia kitanda cha mama nikakufungia na chandarua. Ukakikunja ukakitupa juu ya kabati. Joto, ukasema. Halafu ukasema mbu wa Bagamoyo wanakujua, wewe mtoto wa Dunda. Watu wakacheka, na wewe umezaliwa na kipaji cha kuchekesha watu hata matangani.

Sasa nisikilize, maana haya ya kupima damu ndiyo yanayonilisha. Surua uliugua hata chuo hujaanza, na haitakurudia. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, ikakuta wazee walioiugua mwaka 1781. Miaka 65 imepita, na haikuwapata tena. Chembechembe nyeupe ziliwahi kumjua adui huyo mara moja, zikabaki zinamjua.

Malaria haikubali hivyo. Mbu akishakuuma, vimelea, ndio wale wadudu wa malaria, vinakimbilia kwenye ini, na huko vinakaa kama wiki vikizaana kimya kimya. Huna homa, huna chochote, unakula unashiba. Vikitoka huko vinaingia ndani ya seli nyekundu za damu. Seli nyekundu haina kiini, wala haiwezi kutoa nje ile alama ambayo seli nyingine zikishavamiwa huitoa ili askari wa mwili waje kuziua. Kimelea kimejificha mahali ambapo askari wakipita hawaoni kitu. Kinachokifichua ni protini moja kinayoibandika juu ya seli ili inate kwenye kuta za mishipa, isipelekwe kuchujwa kwenye bandama. Protini hiyo ndiyo kingamwili, silaha za mwili zilizomo kwenye damu, zinaweza kuishika. Lakini kimelea kina jeni kama 60 za kuitengenezea, mwili ukishaijua moja kinavaa nyingine.

Kwa hiyo mtoto wa pwani anajifunza polepole, homa baada ya homa, na wengine wanafia njiani. Miezi ya mwanzo analindwa na kingamwili alizopewa na mama yake tumboni. Baada ya hapo ni yeye na Mungu wake. Akifika ukubwani anaweza kuwa na wadudu kwenye damu na bado akaenda shamba. Mwaka 1961 watafiti kule Gambia walichukua kingamwili za watu wazima wa namna hiyo wakawachoma nazo sindano watoto wenye malaria, wadudu wakapungua. Basi kinga hiyo ipo kweli, na wewe uliwahi kuwa nayo.

Uliiacha huku. Ni kama juzuu tulizohifadhi kwa maalimu: usipozirudia zinakutoka, utabaki unakumbuka mwanzo wa aya na mwisho huupati. Kinga ya malaria hurudiwa na mbu. Huko uliko hakuna mbu wa kukurudisha, na wewe umekaa huko miaka mingi kuliko uliyokaa hapa. Hata chanjo ya malaria, iliyojaribiwa kwa watoto wetu hapa hapa Bagamoyo na kule Korogwe kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza mwaka 2021, nguvu yake hupungua, ndiyo maana watoto hupewa dozi ya nne. Na wale mapadre wa Kizungu waliozikwa pale Misheni tulikokuwa tunaokota maembe, wengi wao vijana kabisa, hawakuwa wanyonge. Walikuja na damu isiyomjua mdudu huyu. Chembechembe zako zilimjua zikamsahau.

Kidole nilikichoma mimi. Slaidi niliisoma mimi, kisha nikamwita mwenzangu naye aisome, kwa sababu nilikujua. Wadudu walikuwa wamejaa, wakionekana kama pete ndani ya seli, pete juu ya pete.

Nikarudi nyumbani na dawa mkononi, nikakukuta umeegemezwa mto ukumbini, mama wakubwa wamekuzunguka. Ukasema, na hukunong'ona, kwamba ulikuwa mzima mpaka ulipokula kwangu. Mama mdogo alikuwa na sahani ya wali mapajani. Hakusema neno. Aliisogeza taratibu mpaka ikafika ukutani, akajifuta vidole kwenye kanga kimoja kimoja. Wote waliona. Mchuzi wa nguru ule ule, wa nazi, aliotufundisha marehemu.

Wewe na mimi tunajua ukumbi ule ulikuwa unazungumza nyumba, si samaki. Kama nilitaka nyumba peke yangu, mbona nilikupigia mimi uje? Mbona nilikukesha? Nani alikushika kichwa ukitapika? Dawa ya mseto nani aliyekuhesabia, akakuamsha usiku umeze?

Hesabu ni hii. Ulikula kwangu mchana, homa ikakushika usiku. Malaria haiji kwa siku moja, inataka wiki nzima au mbili tangu mbu akuume. Mbu wako alikuuma chandarua kikiwa juu ya kabati, kabla hata nguru huyo hajavuliwa. Kutapika ni malaria. Kutetemeka ni seli zinapasuka, na lile joto mwili wako wenyewe uliliwasha kupambana. Sikuwasha mimi. Na kama uliamka na kupona, shukuru Mungu, dawa, na yale mabaki ya kinga ya utotoni. Asiyewahi kuugua kabisa huzidiwa upesi zaidi.

Nasikia mnakuja na watoto mwakani. Wale wamezaliwa huko, hawana hata mabaki. Nenda kwa daktari wenu kabla hamjapanda ndege, awape dawa za kinga, mmeze hadi mwisho hata mkisharudi. Waingereza wenyewe wanajua: wagonjwa wao wengi wa malaria ni watu kama wewe, waliokwenda kusalimia ndugu Afrika wakajiona wenyeji. Mkirudi, mtoto akipata homa hata mwezi umepita, mwambie daktari mmetoka Tanzania. Usione haya.

Vyandarua nimeshanunua, vya watoto ni vya bluu. Mama mdogo bado hali kwangu. Kabla ya tiketi, mpigie yeye kwanza.

Dada yako