Begi lako bado liko kwangu

Dada yangu,

Bwana asifiwe. Hujambo? Na wa nyumbani je? Sisi wazima, mama naye anaendelea, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Salamu zitoshe hapo, maana nisipoyasema haya sasa nitaichana barua hii kama nilivyoichana ya juzi.

Siku ile uliponiletea lile begi lako kubwa, uliniuliza ukiwa mlangoni, viatu umeshavaa: "Kuhusu hiyo kazi, lakini umemwomba Mungu?" Nikakujibu ndiyo. Nilikudanganya. Kila mtu nilishamuuliza kama niikubali. Nilimuuliza kaka, nikamuuliza shemeji (ambaye hata hakuwa anasikiliza), nikamvizia mchungaji baada ya ibada watu wamepanga foleni wampe mkono, na wewe nikakuuliza mara nne kwa hesabu yangu, labda sita kwa yako. Nilichora hata jedwali, faida huku, hasara kule, na hasara nikaziandika kwa herufi ndogo. Mungu peke yake ndiye sikumuuliza. Yeye nilimpa taarifa.

Kuomba kwenyewe nimeanza wiki iliyopita, baada ya kusoma Yeremia 42. Unaikumbuka? Yerusalemu imeshaanguka, liwali Gedalia ameuawa, waliobaki wanawaogopa Wakaldayo walioiteka. Wanamwendea nabii Yeremia: tuombee, Mungu akisema lolote, liwe jema au baya, tutalitii. Maneno matamu kabisa. Zinapita siku kumi ndipo jibu linakuja: kaeni nchi hii hii, msiende Misri. Wakamwita mwongo, na lawama nyingine wakamtwika Baruku, masikini, karani wa watu. Siku zote nimekuwa nikiwashangaa. Safari hii nikarudi nyuma kidogo, mwishoni mwa sura ya 41, nikaona kitu ambacho sijui kilinipitaje: walipokwenda kuuliza walikuwa wameshapiga kambi karibu na Bethlehemu, wakielekea Misri. Yaani wanauliza njia huku wako njiani!

Nikaliangalia begi lako pale pembeni ya kabati. Limejaa, zipu imefungwa. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakata.

Basi siku hizi naamka saa kumi na moja alfajiri, napiga magoti, simu nimeilaza kifudifudi kitandani. Nikifumba macho tu, najikuta natunga barua ya kukubali kazi. "Ee Baba, uniongoze," na papo hapo, "Ndugu Meneja, husika na kichwa cha habari hapo juu." Siku ya tatu nikaingiwa na tamaa ya ishara, kama Gideoni aliyetandaza ngozi ya kondoo, umande umpe jibu la Mungu. Nikasema meneja akipiga simu kabla ya saa sita, basi ni ndiyo. Akapiga saa sita kamili! Sasa hiyo ni kabla au baada? Usinijibu. Na Gideoni mwenyewe alikuwa ameshaambiwa la kufanya, ngozi ilikuwa ya woga wake tu. Mimi sijaambiwa kitu, nimekimbilia ngozi.

Anayenisumbua zaidi ni mfalme Daudi. Wafilisti, adui zake, wamekuja bonde la Warefai, anamuuliza Mungu, anaambiwa panda, anapanda, anawapiga. Wanarudi bonde lile lile, maadui wale wale. Mimi ningekwenda moja kwa moja, jibu si ninalo? Yeye anauliza upya, na mara hii anaambiwa asipande, azunguke nyuma yao, asubiri mpaka asikie mwendo juu ya miforsadi. Uliponikumbusha jinsi ile kazi ya kwanza ilivyofunguka nilipoiombea, nililishika hilo kama risiti. Kumbe lilikuwa jibu la wakati ule.

Nisikufiche, sauti sijaisikia. Ila juzi nilichoka kuiombea kazi, nikanyamaza, nikakaa sakafuni mgongo kwenye kitanda. Likanijia swali moja, wala halikuwa na haraka: unaitaka kazi ile, au unataka kutoka hapa? Wewe unajua ninachokikimbia. Tangu yale maneno ya msibani, mimi na mama mdogo tunasalimiana tu, basi. Na katika jedwali langu lote, pande zote mbili, jina lake halimo. Sitabishana kama ni Mungu aliyeuliza au ni dhamiri. Mimi mwenyewe nisingejiuliza, maana miezi yote hii nimekuwa nikilikwepa. Na huyo mama mdogo... hapana, nikianza hiyo sitamaliza leo.

Siyo kwamba nakataa ushauri. Musa alikuwa na mkwewe Yethro wa kumshauri, mimi nina wewe. Nilichokosea ni mpangilio: nilikuja kwako kwanza, nikaenda kwa Mungu na jibu lako mkononi. Kwa hiyo nakuomba jambo gumu kwako: wanataka jibu Ijumaa, mpaka hapo usiniambie unavyofikiri. Hata kwa kuguna. Niombee tu, na usiombe nipate. Omba nisikie.

Lakini maswali mengine unaweza kujibu. Wewe wakati ule wa uchumba wa kwanza, ulijuaje kwamba ni hapana? Ulipoomba mikono ilikuwa mitupu kweli, au nawe ulikuwa umeshapiga kambi Bethlehemu? Ulipopata usilolitaka, usiku ulilala? Unaomba kwa sauti au kimoyomoyo, na ukisinzia unafanyaje? Na mama mdogo, ukikutana naye, huwa ananiulizia?

Na begi, unalihitaji? Nimefungua zipu, nguo zote nimezimwaga kitandani, sasa nalala ukingoni kama mgeni. Nikuletee kesho, au likae wazi hapa mpaka Ijumaa?

Ni mimi,
yule mwongo wa mlangoni