Mjomba, ile chupa ya mofini naomba uitoe kabatini

Shikamoo Mjomba. Kwenye kikao cha familia mimi ni mtoto, siwezi kukubishia mbele ya wazee, na kwenye simu kila nikianza hili jambo unaniambia tutaongea. Kwahiyo nimeamua kuandika, tena hapa wazi, kwa sababu naamini ziko nyumba nyingi zina mgonjwa kama Mama Mdogo na zina chupa kama ile imefungiwa. Jina lako sijaliweka, la kwake pia.

Jumapili ile nilipokuja nilimsikia tangu getini. Hakua analia, alikua anaguna, ameng'ata pindo la kanga ili majirani wasimsikie. Nikauliza ile mofini, dawa kali ya maumivu aliyopewa hospitali, iko wapi ukanionyesha, iko nyuma ya chupa za chai, imejaa vilevile kama ilivyotoka kwenye dirisha la dawa wiki tatu nyuma. Ukasema tunamtunzia, akizidiwa kabisa ndo tutampa. Mjomba, kansa ya titi imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, mtu hawezi kugeuka kitandani bila kushikwa na watu wawili, kuzidiwa gani tena tunakusubiri?

Naelewa unachoogopa. Mtaani kwetu unga umetumalizia vijana, umezika watoto wa rafiki zako, na ni kweli heroini inatengenezwa kutokana na mofini, sitakuficha. Lakini Mama Mdogo hatafuti kulewa, anatafuta kulala. Anapimiwa mililita chache kwa bomba la sindano lisilo na sindano, anakunywa, maumivu yanashuka, basi. Mwili utaizoea, ndio, ndo maana haiachwi ghafla, daktari akitaka kuisimamisha anaipunguza kidogokidogo, ila mwili kuzoea dawa ni kitu kimoja na mtu kuwa teja ni kitu kingine kabisa.

Alafu kuna lile la pili ambalo hukulisema ila niliona usoni kwako, kwamba mtu akianzishiwa mofini ndo familia imeshakata tamaa. Mjomba, mwaka 2010 madaktari wa Boston kule Marekani walitoa utafiti wa wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyokua imeshasambaa. Wote walipewa matibabu ya kansa kama kawaida, ila nusu wakaongezewa tangu mwanzo watu wa tiba shufaa, wale wanaoshughulika na maumivu, usingizi, hofu, mazungumzo na familia. Hao walioongezewa waliishi vizuri zaidi, huzuni ilikua ndogo, na wakaishi muda mrefu zaidi, wastani wa miezi 11.6 wakati wenzao ilikua 8.9. Sisemi mofini inaongeza siku, utafiti haukusema hivyo. Nasema kuwatuliza wagonjwa wale mapema hakukuwaharakisha kaburini, na sisi hapa tumemnyima huku tukiamini tunamlinda.

Na vile vidonge vya maumivu, tramadol, unavyomnunulia duka la dawa kila siku, najua vinakula hela. Waitaliano mwaka 2016 walilinganisha, wagonjwa 240 wenye maumivu ya kansa ya wastani, wengine dawa dhaifu za aina hiyo, wengine mofini kidogo ya kunywa. Upande wa mofini karibu 9 kati ya 10 walipata nafuu, upande mwingine ni nusu na kidogo. Maumivu ya wastani hayo Mjomba, ya Mama Mdogo tulishayapita.

Tena hii si dawa ya wazungu tu. Hapo Uganda tu, Daktari Anne Merriman alifika Kampala mwaka 1993 na akaanza na unga wa mofini uliochanganywa na maji na kitu cha kuufanya usiharibike, fomula aliyokua ameshaitumia Singapore, rahisi kiasi kwamba hata mtu wa kijijini anahudumiwa nyumbani kwake kitandani kwake. Mwaka 2004 serikali yao ikaruhusu hata manesi waliosomea tiba shufaa waiandike wenyewe, bila kumsubiri daktari ambaye hayupo. Kila nikifikiria nesi anapanda bodaboda kupeleka chupa milimani, na sisi chupa tunayo, iko hatua kumi kutoka kitandani, roho inaniuma sana.

Nimempigia nesi wa kliniki. Amesema kwa kuwa haijafunguliwa na tarehe yake bado, aanze na kipimo kilekile kilichoandikwa. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anapewa mara mbili ya kipimo ili alale mpaka asubuhi. Hata kama hajalalamika apewe, maana maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na anaweza kusikia kichefuchefu, hiyo inapita. Choo kitakua kigumu na hiyo haipiti yenyewe, ndo maana walitoa vile vidonge vya kulainisha choo, tusiviache. Akisinzia mpaka haamki ukimwita au anahema taratibu sana, dozi inayofuata asipewe, apigiwe nesi hapohapo.

Nesi akagusia pia mionzi ya mifupa, kwamba kwa maumivu tu mara nyingi inatosha kupigwa siku moja, sio kwenda na kurudi wiki nzima kama tulivyodhani, kwahiyo akipata nafuu ya kukaa kwenye gari tunaweza kumpeleka hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam. Hilo tutaliongea ukiwa na nafasi.

Mi nafika Jumamosi na basi la asubuhi, nitakaa wiki nzima, za usiku nitampa mwenyewe we upumzike, najua na wewe hujalala vizuri tangu mwezi wa sita. Ila ufunguo wa kabati naomba leo umpe binti yake, dozi ya kwanza isinisubiri mimi.