Shabani, usiache mashimo ya spika

Tanga

Ndugu yangu Shabani,

Salaam nyingi. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua. Nimefurahi kusikia msingi umeisha na mafundi wameanza kupandisha matofali. Ila uliposema waache mashimo mawili makubwa ukutani ya kuwekea spika, nikaona nikuandikie haraka.

Spika tunazonunua leo, hata zile za bei mbaya, bado ni kazi ya Rice na Kellogg, Wamarekani wa mwaka 1925: koili, sumaku na koni inayosukuma hewa. Karne nzima, bwana! Sasa mwaka 2022 wahandisi wa chuo kikuu cha MIT, huko huko Marekani, walionyesha spika nyembamba kama karatasi. Ina utando wa plastiki wenye vinundu vidogo mno, na umeme ukipita kila kinundu kinatetemeka peke yake. Kwa hiyo hata ukiibandika ukutani inaimba, maana haihitaji kutikisika yote. Wenyewe wanasema mita moja ya mraba hula takriban miliwati 100 tu. Naiona sebule yako: ukuta mzima ndio spika, na watoto hawana koni ya kutoboa kwa vidole.

Ipo nyingine, na hii ndiyo ningeitaka mimi. Mawimbi tusiyoyasikia, ya mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, yanarushwa kama mwanga wa tochi. Yakisafiri, hewa yenyewe huyageuza yakawa sauti, na anayesikia vizuri ni yule aliyekaa ndani ya mwale. Kuna makumbusho tayari yanaitumia. Hebu fikiria nyumbani kwako: wewe na rumba yako kochi hili, shemeji na tamthilia yake kochi lile, na hakuna wa kumwambia mwenzake "punguza".

Tatizo ni besi. Besi inataka hewa nyingi isukumwe, na hapo mwale ule ni dhaifu, na vinundu vile vidogo navyo havina ubavu. Hilo sabufa lako usiliuze, hata akija mteja na pesa mkononi.

Basi mwambie fundi aache nafasi moja tu chini, ya sabufa, na apitishe mabomba ya waya kuta zote nne za sebule kabla ya plasta. Mabomba si ghali. Kuja kuchimbua ukuta uliokwisha pakwa rangi ndiyo gharama. Nijibu mapema, na umsalimie sana shemeji.

Ni mimi nduguyo,
Mbwana