Risala ya Klabu ya Malikale kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Kilwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kufika mwenyewe. Wapo walioalikwa wakatuma wawakilishi.

Historia ya Kilwa unaijua, hatutakuchosha. Msafiri Ibn Battuta alifika hapo ng'ambo, Kilwa Kisiwani, mwaka 1331 akaukuta mji umestawi. Dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilipita hapa, na sarafu ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman imefukuliwa hadi kwenye magofu ya Great Zimbabwe, mbali huko bara. Mreno aliposhusha askari mwaka 1505 hakuja kujenga mji, aliukuta.

Klabu yetu imepata mafanikio makubwa sana. Tumepanda mikoko, tumeshika nafasi ya pili katika mdahalo wa kata, na ramani ya Msikiti Mkuu tuliyoichora imebandikwa ofisini kwa Mkuu wa Shule.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye mashua.

Bahari inakula fukwe za Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara, penye magofu ya kale. Maji ya bamvua yakipiga, ukingo humeguka, vigae, shanga na mkaa vikamwagika mchangani. Mtu atasema viokotwe. Lakini kigae kilichookotwa tu kimepoteza nusu ya ushahidi wake. Wanaakiolojia huchimba tabaka kwa tabaka, huchekecha udongo na kuandika kila kipande kilikotoka. Chungu cha kienyeji kikikutwa tabaka moja na kigae cha Kichina ambacho umri wake unajulikana, na chungu nacho kimepata umri. Mkaa nao hupimwa umri maabara. Tabaka likishachukuliwa na maji, basi tena. Ndiyo maana inatupasa tufike siku ileile, tupime, tupige picha na kutoa taarifa kwa wahusika.

Mashua tunayo. Wazazi walichanga mbao, fundi akatusamehe nusu ya ujira. Injini ndiyo hatuna. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi hapa hapa, tukampigia makofi hadi viganja vikauma. Wa mwaka jana aliomba kuiona mashua, akapiga nayo picha, akasema injini itafika kabla ya kusi. Kusi limevuma na limekwisha. Mashua ingali juu ya magogo, mbao zimekauka, kalafati iliyoziba nafasi za mbao inachomoka. Hatulaumu mtu, ila ahadi hizo tumezitunza kwenye faili pamoja na picha.

Safari ya mwisho tulipanda dau la mvuvi, upepo ukakata njiani. Tulipofika Songo Mnara, ukingo tulioupima mwezi uliotangulia haukuwepo.

Tunaomba injini moja ya nguvu ya farasi 15 na jaketi okozi ishirini. Ikiwa jambo hili liko nje ya uwezo wako, kwa heshima kubwa tunaomba utuambie leo, ili wazazi waanze kuchanga. Mashua iko nyuma ya bweni la wavulana, na wahitimu wako tayari kukupeleka kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.