Wito wa harambee: sare na madaftari kabla ya Januari

Ndugu majirani wa Kirumba, Mwanza, na ninyi mliohamia Geita, Dar es Salaam na kwingineko,

Mvua za mwezi huu zimewakuta akina mama wa mwaloni, soko letu la samaki kando ya ziwa, dagaa wao wakiwa wameanikwa. Anayeijua kazi ile ameshaelewa. Dagaa wakipata jua kali siku nzima hukauka vizuri. Wakinyeshewa hubadilika rangi na kunuka, na anayekuja kuwanunua anawataka kwa chakula cha kuku, kwa bei isiyorudisha hata mtaji. Ongeza siku za mbalamwezi, taa za wavuvi zinaposhindwa kuvuta dagaa na mitumbwi ikalala nchi kavu. Mama wa watoto watatu anaingia Januari akiwa hivyo.

Ada tunaishukuru Serikali: ilifutwa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita vikafuata mwaka 2022. Ila sare, viatu, madaftari na mchango wa uji bado vinamsubiri mzazi. Mwalimu hamfukuzi mtoto asiye na viatu. Mtoto mwenyewe huona haya. Anaaga nyumbani asubuhi, anaishia mwaloni kuokota dagaa wanaodondoka kwenye magunia. Mwaka huu tumewakuta huko kwa macho yetu, saa nne asubuhi, siku ya shule.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlishe mtoto, amvishe na amsomeshe. Na mzazi aliyehangaika akakosa? Kikaoni wapo waliosema wazazi hawa wangezaa wachache. Tuliwasikiliza. Lakini mtoto ameshazaliwa, yuko mtaani kwetu, anacheza na wa kwetu jioni, na anamwita kila mmoja wetu mama au baba. Sisi tunaona huo ni wajibu wetu, wala si hisani.

Watoto ni 42. Kila mmoja anahitaji shilingi 65,000 za vitambaa vya sare mbili, viatu, soksi na madaftari, jumla 2,730,000. Michango yetu ya kila mwezi imefikisha 610,000. Fundi cherehani wa mtaa atashona bure, Mungu ambariki.

Harambee ni Jumapili ya pili ya Desemba, saa nane mchana, uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa. Asiye na fedha alete kuku, mkungu wa ndizi au sado ya dagaa, tutavinadi. Sare iliyombana mwanao, kama bado nzima, ilete pia. Walio mbali wapitishe michango kwa ndugu zao waliopo hapa. Kila mchango una risiti, na hesabu zote zitabandikwa ubaoni ofisini.

Hakuna mtoto atakayesimamishwa mbele ya watu wala kupigwa picha. Vitu atakabidhiwa mzazi, nyumbani kwake, ili asubuhi ya kufungua shule amvalishe mwanawe mwenyewe.

Wabeja sana, asanteni.

Kamati ya harambee, Kirumba