Profesa, jalada letu liko wapi? Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo

Kwako Profesa, Makamu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Nimeandika barua nne kupitia kwa mkuu wa idara kuulizia jalada la hati ya makubaliano yetu na chuo kimoja cha Ujerumani. Nimekaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya sheria ya chuo mpaka katibu muhtasi ananiita kwa jina na kunimiminia chai. Jibu ni lile lile: jalada liko kwa mkubwa, njoo wiki ijayo.

Jumamosi iliyopita usiku umeme wa jengo letu la maabara ulikatika, jenereta haikuwaka, na mlinzi hakuwa na namba ya mtu wa kumpigia. Jumatatu asubuhi nilipofungua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, maji yalitiririka hadi kwenye viatu vyangu. Nilikuwa na vichupa 214 vya sampuli kutoka Ziwa Natron. Maboksi ya karatasi yalikuwa yamelowa na kulegea, lebo nilizoandika kwa mkono wangu zimebanduka na kuelea. Vichupa 61 vya trei ya chini kabisa vilikuwa bado na barafu. Vile 153 vimekwenda, kwa sababu vinasaba ninavyovitafuta mimi vikishayeyuka na kukaa kwenye joto saa nyingi namna ile, huharibika.

Sikulaumu kwa umeme, Profesa. Ninachosema ni kwamba vichupa vile havikutakiwa kuwa pale. Vilitakiwa viwe vimeshasafiri, vimeshasomwa, na majibu yake yako mikononi mwetu.

Naomba nikukumbushe. Novemba 2023, chuo chetu kilisaini hati ya makubaliano na chuo kimoja cha Ujerumani. Nilikuwepo ukumbini, ndimi niliyepanga vile vibendera viwili vidogo mezani. Ulisaini, ukapeana mkono na mgeni, picha zikapigwa, na ukasema mbele yetu sote kwamba hati hii haitakaa kabatini. Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu siku ile ile, maana nilikuwa nimeshapewa ufadhili wa uzamivu kwa kutegemea mradi huo. Leo ni mwezi wa 19.

Hati yetu ilipaswa kupita kwa wanasheria wa Serikali ipekuliwe. Bila upekuzi huo, mkataba mdogo wa kuhamisha sampuli hauwezi kusimama, kwa kuwa unaning'inia juu ya hati mama. Bila mkataba wa sampuli, hakuna kichupa kinachotoka nchini. Na wenzetu wa Ujerumani nao wamebanwa. Kanuni namba 511 ya mwaka 2014 ya Umoja wa Ulaya inamtaka mtafiti wa huko ahakikishe kwamba rasilimali za kijenetiki anazozifanyia kazi zilipatikana kwa kufuata sheria za nchi zilikotoka, na nyaraka azitunze. Wameniandikia kwa upole mara tatu: hawapokei hata tone moja bila karatasi. Wana haki kabisa.

Mimi si mmoja wa wale wanaosema taratibu hizi ni urasimu wa bure, na naomba asitokee mtu wa kunisoma hivyo. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichota sampuli Ziwa Bogoria, kwa jirani zetu Kenya, ziwa la magadi kama Natron. Vijidudu vya humo vikatoa vimeng'enya vilivyoingia viwandani, kwenye sabuni za kufulia na kwenye kufifisha rangi ya jinzi. Ilipofika 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likawa linadai hadharani mgawo wa kitu kilichoondoka zaidi ya miaka kumi nyuma. Sisi wenyewe, kati ya 1909 na 1913, mifupa ya dinosaria ya Tendaguru ilibebwa vichwani na wapagazi mpaka Lindi, ikapakiwa melini, na mpaka leo yule mkubwa wao, zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama Berlin. Bibi yangu ni wa Lindi, habari hiyo sikuisoma darasani kwanza. Ndiyo maana Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki ambao nchi yetu ni mwanachama, inadai ridhaa ya awali ya wenye mali na makubaliano ya kugawana faida kabla ya kuchukua chochote. Naiunga mkono kwa moyo wote. Hati yetu hiyo hiyo ina kifungu cha mashine ya kusoma vinasaba kubaki hapa chuoni na mafundi wetu wawili kufundishwa kuitumia. Kila mwezi jalada linapolala, tunaopoteza ni sisi.

Ridhaa yenyewe tunayo, na namna ilivyopatikana ndiyo inayoniuma zaidi.

Julai 2024 nilikwenda kijiji kimoja upande wa Engare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai. Huko magadi yanameremeta kama bati jipya na ukikanyaga ukoko vibaya mguu unazama kwenye tope linalochoma. Viatu vyangu vilibanduka soli siku ya tatu. Kabla ya kugusa maji, niliomba kuzungumza na wanakijiji. Mkutano uliitishwa chini ya mgunga. Nilieleza kwa Kiswahili, kijana mmoja akatafsiri kwa Kimaasai. Mzee mmoja akasimama, akaniuliza: "Binti, wengi wamekuja na chupa. Wewe utaturudishia nini?" Nikamjibu kwamba nitarudi na majibu, na kwamba likipatikana la faida, kijiji kimeandikwa kwenye karatasi. Wakajadiliana kama saa mbili, akina mama wakauliza kuhusu ndege heroe, kama dawa zetu zitawafukuza kwenye mazalia yao, nikawajibu kwamba hatumwagi dawa yoyote. Mwenyekiti akasaini. Muhuri wa kijiji ukagongwa juu ya boneti la gari.

Alasiri moja, Profesa. Kijiji kisicho na ofisi ya sheria kilisoma, kikahoji, kikaamua na kugonga muhuri alasiri moja. Karatasi ile ni kiambatisho cha tatu kwenye jalada ambalo ofisi yako haijalipeleka mahali linapotakiwa kwa miezi 19.

Kwa nini limekaa? Sijaambiwa, kwa hiyo nimebaki kuokota maneno ya korido. Wapo wanaosema chuo kina mwanasheria mmoja anayehudumia kila kitu, kuanzia kesi za wapangaji wa vibanda hadi mikataba ya kimataifa. Wengine, na hawa ndio ninaowaamini, wanasema hati ilisainiwa kwanza ili wageni wasiondoke bila picha, na sasa kuipeleka ikapekuliwe ni kukiri kwamba utaratibu ulirukwa. Kama ni hilo, nakusihi, likiri. Kosa la kusaini mapema linaweza kurekebishwa kwa barua ya kurasa mbili na hati kusainiwa upya. Kulificha kosa hilo ndiko kumenigharimu vichupa 153.

Australia, tangu sheria yao ya 2020 kuhusu makubaliano na serikali za nje, vyuo vikuu vya umma vinatoa taarifa serikalini na liko daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua akasoma. Hapa kwetu mimi mwenyewe niliyepanga vibendera siwezi kuambiwa jalada liko meza gani.

Ufadhili wangu unakwisha Desemba 2025. Nina miaka 34. Mume wangu amelipa ada ya muhula huu kwa mkopo wa SACCOS, na mwanangu alianza kutambaa nikiwa Natron, nikaonyeshwa kwa simu. Nimeandika tasnifu sura tatu, sura ya nne ni ukurasa mweupe wenye kichwa cha habari "Matokeo".

Nilipoanza barua hii nilitaka kuomba mengi: friza yenye kengele, jenereta inayowaka, ofisi ya mikataba yenye watu wa kutosha, orodha ya makubaliano yote ya chuo na taasisi za nje, kila moja na hatua iliyofikia. Hayo yote yanahitajika, wenzangu watayadai. Mimi naomba moja. Saini barua ya kuwasilisha hati yetu ikapekuliwe, na unipe nakala yenye muhuri wa masjala na tarehe. Ikirudi imekataliwa, nitajua pa kuanzia. Saini tu iende.

Vichupa 61 vilivyobaki vimehifadhiwa kwenye friza ya rafiki yangu, taasisi nyingine, na nafasi hiyo nimepewa mpaka tarehe 30 mwezi huu. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye benchi la nje ya ofisi yako, na nakala ya jalada zima, kurasa 47, kama lako limepotea.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, idara ya biolojia