YAH: Rupia ya 1891 iliyopigwa tupa kaunta namba mbili

Meneja wa Tawi,
Huduma ya Uhakiki wa Sarafu na Madini,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini mu wazima. Rupia yangu, sarafu ya fedha ya enzi za Wajerumani, si nzima, na ndiyo sababu naandika.

Taratibu zenu mnazijua, sitazinakili hapa. Fomu yangu ya Jumanne mnayo, na kifungu cha nne, kile kinachokataza kukata, kukwaruza au kuunguza sarafu bila idhini ya maandishi ya mwenye mali, mmekiandika ninyi wenyewe. Kaitafuteni hiyo idhini kwenye faili. Hamtaiona.

Ijumaa, saa tano na dakika chache, watu wanane au tisa wakiwa kwenye foleni, kijana wenu wa kaunta namba mbili aliisogeza rupia kwenye sumaku. Haikunata. Akasema kwa sauti ya mnadani: "Mzee, hii hata sumaku haishiki. Feki." Kisha akatoa tupa ya pembe tatu, ile mafundi seremala wanayonolea msumeno, akakata ukingo mara tatu na kudondosha tindikali ya kupimia fedha. Tone likageuka jekundu. "Mnaona? Nyekundu. Shaba hiyo." Nilimwambia acha mara mbili. Mara ya pili tupa ilikuwa imeshapita.

Ndugu Meneja, fedha haishiki sumaku. Wala dhahabu haishiki, wala shaba. Sumaku huwekwa kaunta ili kukamata chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Sarafu ikinata ndipo mshtuke. Na kwa wanaojua kuitumia, sumaku kali hufanya kazi zaidi ya hiyo: iinamishe iwe mteremko, iachie sarafu juu yake. Fedha itashuka polepole kama inayosita, ilhali risasi au nikeli-shaba itateleza haraka. Kijana wenu alikipata kipimo cha kwanza sawasawa, akakisoma kinyume.

Cha pili nacho hivyo hivyo. Ile tindikali nyekundu ya masonara hugeuka nyekundu inapokutana na fedha ya kiwango cha juu. Kadiri fedha inavyopungua, rangi huelekea kahawia, na ikipungua sana huwa kijani. Jekundu ndilo jibu zuri. Katika mji huu unaokula kwa dhahabu ya Geita, hata mwanafunzi wa sonara aliyeanza kazi wiki iliyopita angemwambia. Ninyi mlilitangaza jibu zuri kuwa ushahidi wa shaba, mbele ya watu, na bado mkanidai shilingi 45,000 kwa kila sarafu. Sita, jumla 270,000, kwa risiti ya kuandikwa na kalamu. Hilo la risiti nitalirudia.

Kilichotakiwa kufanyika hakihitaji tupa. Rupia za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizoanza kutolewa 1890, zina gramu 11.66 na fedha sehemu 917 katika 1000, kiwango kilekile cha rupia ya India ambayo biashara ya pwani ilikuwa imeshaizoea. Upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, na kofia yenye tai, upande wa pili simba na mnazi, jina la kampuni likizunguka. Yangu ilitembea mikononi mwa watu, kwa hiyo imepungua kidogo: gramu 11.56. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Yangu inatoa 1.12. Gawanya 11.56 kwa 1.12, unapata 10.3, na fedha ya kiwango hicho inatakiwa iwe hapo hapo. Ingekuwa nikeli-shaba, mizani ingesoma kama 1.30 na jibu lingekuwa 8.9. Maji yatiwe tone moja la sabuni, maana povu la hewa likinasa kwenye herufi linaongeza namba, na sarafu nzuri inaonekana mbaya. Dakika nne, na sarafu inatoka ikiwa imelowa tu.

Lakini mizani yenu ya kaunta inasoma desimali moja. Rupia yangu hapo husomeka 11.6, na hatua moja tu ya maji, kutoka 1.1 kwenda 1.2, inarusha jibu kutoka 10.5 hadi 9.7. Yaani kwa kifaa hicho hamuwezi kutenganisha kwa uhakika rupia nzuri na yenye fedha pungufu hata mkitaka. Vilevile stika ya Wakala wa Vipimo sikuiona, na niliitafuta.

Jumatatu, nilipofuata mzigo wangu, rupia ilikuwa inang'aa kama kijiko cha harusi. Mtu kati yenu, sijui nani na kwa amri ya nani, alijaribu kuficha alama za tupa kwa kuisugua yote na Brasso, dawa ya kung'arishia shaba. Unga mweupe umebaki ndani ya herufi za GESELLSCHAFT, nimeupiga picha kwa lenzi ya mara kumi. Huu ni uharibifu wa pili, na kwa mkusanyaji ni mbaya kuliko wa kwanza. Tupa imekula sehemu moja ya ukingo; Brasso imekula uso mzima. Weusi ule uliojikalia miaka zaidi ya mia moja ndio ulikuwa cheti cha kweli, na mng'ao wa asili unaobaki chini yake unatokana na mistari midogo ya metali iliyotambaa wakati stampu ilipogonga. Ukishaisugua haipo tena, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Kinachobaki ni mikwaruzo myembamba inayoenda upande mmoja, inaonekana ukigeuza sarafu chini ya taa moja, na kila mnunuzi anayejua kazi yake huanza kwa kugeuza sarafu chini ya taa moja.

Mnunuzi wangu mwenyewe alitoka Bukoba kwa meli. Bei tuliyokuwa tumekubaliana ni 350,000. Aliigeuza chini ya taa mara moja, akanirudishia, akaniambia ataipima kwa gramu kama fedha ya kuyeyusha.

Turudi kwenye cheti chenu, maana hakikukosea rupia peke yake.

Heller 20 ya Tabora mmeandika: "Uzito haulingani na kiwango, inatiliwa shaka." Kiwango kipi? Sarafu hizo za Wajerumani zilipigwa 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakiwa wamefunga bahari, kwenye karakana ya reli huko Tabora, kwa metali iliyopatikana. Nyingine ni za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya njano, na unene wake unapishana waziwazi. Heller ya Tabora haihukumiwi kwa mizani. Huangaliwa herufi T chini ya mwaka, umbo la taji, nyufa za stampu, na kama herufi zina kingo kali au zimelainika kama sabuni iliyotumika, ambayo ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Iliyomiminwa huwa pia na vitundu vya hewa usoni na mshono unaozunguka ukingo. Yangu haina. Kinachochekesha, kama kucheka kunafaa, ni kwamba ukuta wenu wa mapokezi umepambwa kwa picha ya dhahabu ya Tabora, rupia 15, yule tembo mwenye mlima nyuma yake. Mwaka uleule, mji uleule. Mnaipenda picha, sarafu yenyewe hamuijui.

Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1925 mmeiita "fedha hafifu, huenda imeghushiwa". Ni hafifu kwa sheria. Shilingi hizo za simba na milima zilizoanza 1921 zina fedha robo tu, sehemu 250 katika 1000. Mlitegemea nini?

Halafu riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, hiyo ndiyo mmeisifu: "Halisi, imetengenezwa 1780." Riale hizo karibu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia mwenyewe, na zimeendelea kupigwa baada ya hapo na mwaka huohuo juu yake, Vienna, Roma, London, Bombay, Birmingham. Mwaka ulioandikwa hausemi chochote kuhusu umri. Anayetaka kujua ilipigwa lini na wapi ahesabu lulu za bruchi, ile pini ya nguo begani mwa malkia, aangalie manyoya ya mkia wa tai na nafasi za nukta, na kabla ya yote asome ukingo: maneno ya Kilatini yaliyoinuka, "Justitia et Clementia". Uzito wake gramu 28.07. Yangu niliinunua kama ya karne ya 20 na ninajua hivyo. Mtu mwingine akiuziwa kwa cheti chenu kuwa ni ya 1780, atakuwa ametapeliwa kwa muhuri wenu.

Kwa hiyo halisi mmeiita feki, na ya juzi mmeipa zaidi ya miaka 240.

Nilitaka kuishia hapo kwa upole. Lakini jana nimepokea majibu yenu ya mistari mitatu kwa barua yangu ya Jumatatu, yanayosema palitokea "mkwaruzo mdogo wa kiutendaji wakati wa kipimo cha kawaida". Basi niruhusuni nikirudie hicho kipimo cha kawaida, taratibu, kwa sababu inaonekana aliyeandika majibu hakuwepo.

Sarafu ilikuwa imelala juu ya kioo cha kaunta, bila kitambaa chini yake. Kijana aliishika usoni kwa kidole gumba chenye mafuta ya chapati, wakati sarafu hushikwa ukingoni kwa vidole viwili. Sumaku. "Feki." Nikasema, kijana wangu, acha, fedha haishiki sumaku. Akacheka, akamtazama mwenzake. Nikaona tupa. Nikasema acha, safari hii kwa sauti. Akaibana sarafu kati ya kidole na ukingo wa kaunta, akakata kwenye meno ya ukingo, upande wa kushoto wa uso wa Kaiser: krr, krr, krr. Unga ukadondoka kwenye kioo, na unga huo, Ndugu Meneja, ulikuwa mweupe. Mweupe mpaka ndani. Kama ingekuwa shaba iliyopakwa fedha, mkato wa kwanza tu ungetoa wekundu. Walioko nyuma yangu waliuona. Mama mmoja alisema, "Mbona nyeupe?" Kijana hakumjibu. Akadondosha tindikali, tone likawa jekundu lililoiva, akageukia foleni badala ya kunigeukia mimi, akasema "Shaba hiyo," kisha akapangusa tone kwa kipande cha karatasi huku akilisambaza hadi kwenye kofia ya Kaiser. Pale pamebaki doa la kijivu. Huo unga mweupe aliupuliza sakafuni. Gramu zangu zilipulizwa sakafuni.

Huo ndio mkwaruzo mdogo wa kiutendaji.

Mikato mitatu, yenye kina cha kuingiza ukucha. Tupa haikuhitajika, sumaku ilikuwa imeshajibu, unga ukajibu, tindikali ikajibu. Kati ya vipimo vitatu hakuna hata kimoja kilichosema feki, na cheti kikasema feki.

Madai yangu yalikuwa haya: mrudishe shilingi 270,000 za huduma, mfute cheti, muandike kingine kinachosahihisha sarafu zote nne mlizokosea. Hayo niliyaandika Jumatatu, kabla ya kuona Brasso vizuri na kabla ya majibu yenu. Sasa yameongezeka. Mtalipa na 350,000 ya rupia, kwa kuwa bei hiyo ilikuwepo na mnunuzi yupo tayari kuandika. Nataka pia maelezo ya maandishi ya nani alisugua, na lini, kwa sababu sarafu ilitoka mikononi mwangu Ijumaa ikiwa nyeusi.

Tena, mnikabidhi bahasha za karatasi au za plastiki ngumu isiyo na PVC kwa sarafu zote sita. Mmenirudishia ndani ya vipakiti laini vinavyonuka kama ndala mpya. Plastiki hiyo, ndiyo PVC, hulainishwa kwa mafuta yanayovuja, na ikichakaa hutoa asidi. Kwa joto na unyevunyevu wa hapa ziwani haichukui muda mrefu, unakuta ute wa kijani umeshika shaba. Heller na ile sarafu ya shaba iitwayo pesa, ya 1892, nimezitoa jioni ileile. Kama kuna wateja wenu wengine wamekaa na vipakiti hivyo majumbani, wapigieni simu leo.

Niliwapa siku 14. Baada ya ile mistari mitatu, ni saba, tangu barua hii ipokelewe na kugongwa muhuri. Ikipita ya saba, nakala itaenda Tume ya Ushindani kwa upande wa haki za mlaji, nyingine Wakala wa Vipimo kuhusu ile mizani. Ya TRA, mamlaka ya kodi, nimeshaiandaa, na kiambatanisho chake ni ile risiti ya kalamu, maana mashine ya EFD ya kutolea risiti niliiona pale nyuma ya kioo, imezimwa, imefunikwa na gazeti. Baada ya hapo tutaonana mahakamani, na nitaomba kipimo cha maji kifanyike mbele ya hakimu. Kikombe, uzi na mizani ya desimali mbili nitakuja navyo.

Mashahidi watatu wa foleni ile nimeshawapata. Yule mama wa "mbona nyeupe" ni mmoja wao.

Jumatatu saa nne nitakuwa kaunta namba mbili. Namwomba kijana asiwe ameishika tupa.

Wenu,
Mteja mwenye fomu ya Jumanne, sarafu sita.
(Jina na simu vipo kwenye faili lenu.)

Viambatanisho: picha tano za lenzi, nakala ya cheti, nakala ya risiti, kipakiti kimoja.